Wanagombana kila mwaka na hawaachani: Marekani na Ulaya zimeshikana wapi?

Swali la msomaji, mwalimu wa uchumi wa kidato cha sita, Dodoma: "Wanafunzi wangu wanajua kwamba Marekani ina nakisi kubwa ya biashara na Umoja wa Ulaya, yaani inanunua kwao zaidi kuliko inavyowauzia, na wamekariri kwamba mwenye ziada ndiye mwenye nguvu. Lakini Julai 2025 Ulaya, ambayo ndiyo yenye ziada, ilikubali bidhaa zake zitozwe ushuru wa asilimia 15 na haikulipiza. Nimeshindwa kuwaeleza. Uhusiano wao wa kiuchumi una kina gani hasa, hasa ukiulinganisha na huu wa China tunaousikia kila siku?"

Mwalimu, swali lako limegusa mahali ambapo hata mawaziri huteleza. Jibu fupi ni kwamba wanafunzi wako wanatazama bidhaa zinazovuka bahari, na kati ya Marekani na Ulaya bidhaa siyo jambo kubwa zaidi. Kubwa ni umiliki. Kampuni za Marekani zimejenga viwanda, zimenunua biashara na zimeajiri watu ndani ya Ulaya kwa zaidi ya karne moja, na za Ulaya zimefanya vivyo hivyo Marekani. Kwa hiyo gari, dawa au injini inapovuka Atlantiki, mara nyingi haitoki kwa muuzaji kwenda kwa mteja wake. Inatoka tawi moja kwenda tawi jingine la kampuni ileile. Zaidi ya nusu ya bidhaa ambazo Marekani inaagiza kutoka Umoja wa Ulaya ni za namna hiyo. Ukishalijua hilo, neno "nakisi" linaanza kuyumba, na ule uamuzi wa Julai unaanza kueleweka, ingawa sitasema ulikuwa wa kishujaa.

Jibu refu nalianzia kwenye kitu ambacho wanafunzi wako wamekiona kwa macho. Cherehani nyeusi ya Singer, ile ya kukanyaga yenye nakshi za dhahabu, bado ipo barazani kwa mafundi wengi. Muulize fundi imetoka wapi: mmoja atasema Uingereza, mwingine Marekani, na wote watakuwa wamesema kweli. Kampuni ilizaliwa Marekani mwaka 1851. Mwaka 1867 ilikuwa tayari ina kiwanda Glasgow, na mwaka 1885 ikafungua kiwanda kikubwa cha Kilbowie pale Clydebank, Scotland. Kufikia 1913 kiwanda hicho kilikuwa kinatoa mashine zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na ndicho kilicholisha masoko ya Ulaya na ya makoloni ya Waingereza. Kilifungwa 1980, lakini stesheni ya treni ya mtaa ule mpaka leo inaitwa Singer.

Sasa waambie wajaze jedwali. Cherehani imetengenezwa Clydebank, imeshushwa Mombasa. Kwenye daftari la forodha hayo ni mauzo ya nje ya Uingereza, na Marekani haikuuza hata sindano. Mishahara ilibaki Scotland. Faida ilikwenda kwa wenye hisa Marekani, na hataza za mashine, yaani haki za uvumbuzi, zilikuwa zao. Mtu anayesoma takwimu za biashara peke yake angesema Marekani haikuhusika kabisa na cherehani ile. Upofu huo huo ndio unaotusumbua leo tunapobishana kuhusu nani anamnyonya nani kati ya Washington na Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya.

Singer hakuwa peke yake. Ford alifungua kiwanda Manchester 1911 na kingine Cologne 1931. General Motors ilinunua Vauxhall ya Uingereza 1925, kisha ikaingia Opel ya Ujerumani 1929. Na kabla ya hapo mtaji ulikuwa unakwenda upande wa pili: reli za Marekani za karne ya 19 zilijengwa kwa sehemu kubwa na akiba za Waingereza. Mwaka 1803, Marekani iliponunua eneo la Louisiana kutoka kwa Napoleon kwa dola milioni 15, waliopanga fedha walikuwa benki ya Baring ya London na Hope ya Amsterdam. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon mwaka uleule. Wenye benki hawakuona tatizo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja Mpango wa Marshall, takriban dola bilioni 13 kati ya 1948 na 1952, na huo ndio ambao vitabu vya shule huupenda. Mimi ningeweka uzito zaidi kwenye mkataba wa Roma wa 1957. Nchi sita za Ulaya zilikubaliana kuondoleana ushuru na kuweka ushuru wa pamoja kwa wageni. Kwa kampuni ya Marekani hesabu ilikuwa nyepesi: ukiuza kutoka nje unalipa, ukijenga ndani hulipi, na ukishajenga ndani unauza nchi zote sita kutoka kiwanda kimoja. Wakajenga. Ushuru ambao ungewazuia ndio uliowaingiza.

Ndiyo maana takwimu za uwekezaji zina sura tofauti kabisa na zile za meli na makontena. Mwishoni mwa 2023, uwekezaji wa moja kwa moja wa kampuni za Marekani nje ya nchi ulikuwa takriban dola trilioni 6.7, na karibu asilimia 60 yake ulikuwa Ulaya. China bara, ambayo wanafunzi wako wanaisikia kila siku, ilikuwa na kama dola bilioni 127 tu, chini ya asilimia 2. Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, haifiki asilimia 1. Geuza upande wa pili: wageni wote kwa jumla walikuwa wamewekeza kama dola trilioni 5.4 ndani ya Marekani, na zaidi ya asilimia 60 ya fedha hiyo ni ya Ulaya. Kampuni za Ulaya zimeajiri Wamarekani takriban milioni 5. China inauza Marekani vitu vingi sana, hilo halina ubishi. Lakini kuuziana vitu kunaweza kukatika kwa barua moja ya serikali. Kiwanda chenye wafanyakazi elfu kumi hakikatiki hivyo.

Fikiria ndugu wawili waliorithi nyumba moja Kariakoo, kila mmoja anakusanya kodi kwenye vyumba vilivyo upande wa mwenzake. Watagombana kuhusu bili ya maji mpaka majirani wachoke. Kubomoa ukuta hakuna atakayethubutu.

Kabla sijaendelea, tahadhari moja. Tarakimu hizo zina maji ndani yake. Karibu nusu ya uwekezaji wa Marekani nje umeandikwa kwenye kampuni za kushikilia hisa, yaani kampuni ambazo kazi yake ni kumiliki kampuni nyingine. Luxembourg, nchi yenye watu wasiofika milioni moja, imeandikiwa uwekezaji wa Marekani mara kadhaa kuliko China. Hakuna viwanda vya thamani hiyo Luxembourg, kuna wanasheria. Kwa hiyo mtu akikuambia "trilioni nne ziko Ulaya", mkubalie, kisha muulize ngapi ni mashine na ngapi ni makaratasi. Hata ukikata nusu, bado unabaki na uhusiano usio na mfano duniani.

Twende mahali ambapo mashine zipo kweli. Kiwanda kikubwa kuliko vyote vya BMW duniani hakiko Ujerumani. Kiko karibu na Spartanburg, jimbo la South Carolina, na kilianza kutoa magari 1994. Kina wafanyakazi zaidi ya elfu kumi na kinatoa karibu magari 400,000 kwa mwaka, yale ya familia ya X: X3, X5, X7 na wenzao. Zaidi ya nusu yanapakiwa kwenda nje ya Marekani, mengi kupitia bandari ya Charleston, na thamani yake ni kama dola bilioni 10 kwa mwaka. Kwa kipimo cha thamani, BMW, kampuni ya Munich, Ujerumani, ndiyo inayoongoza kwa kusafirisha magari nje ya Marekani. Si Ford wala General Motors.

Angalia kinachotokea ushuru unapopita hapo. Sehemu ya vipuri na injini hutoka Ulaya kwa meli, hushushwa Charleston na kupanda treni hadi bandari kavu ya Greer iliyo jirani na kiwanda. Marekani ikiweka ushuru kwenye vipuri kutoka Ulaya, inaongeza gharama ya gari linalotengenezwa na Wamarekani South Carolina. Ulaya ikilipiza kwa kuweka ushuru kwenye magari ya Marekani, anayelipa ni BMW anayerudisha X5 nyumbani kwake. Na haya siyo nadharia ya darasani. Julai 2018 China, katika ugomvi wake na Trump, ilipandisha ushuru wa magari yanayotoka Marekani hadi asilimia 40. Miongoni mwa walioumia mwanzo ni BMW, ikabidi ipandishe bei za X5 na X6 kwa wateja wa China. Beijing ilikuwa inamlenga Trump, risasi ikampata Mjerumani.

Ndiyo maana katika makubaliano ya 2025 kuna kipengele ambacho magazeti mengi yalikiita udhaifu wa Ulaya: kufuta ushuru wake kwenye bidhaa za viwandani za Marekani. Udhaifu kwa nani? Gari la Spartanburg lilikuwa linalipa asilimia 10 kuingia Ulaya. Watengenezaji wa Ujerumani hawakulia.

Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni injini ya ndege. Mwaka 1974 General Electric ya Marekani na Snecma ya Ufaransa, ambayo leo inaitwa Safran, ziliunda ubia wa nusu kwa nusu uitwao CFM International. Haikuwa rahisi. Kiini cha injini kilitoka kwenye injini ya kijeshi ya ndege ya kulipua mabomu B-1, na serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kutoa kibali teknolojia hiyo isafirishwe. Jambo lilipanda mpaka kwa marais wenyewe, Nixon na Pompidou, walipokutana Reykjavik 1973. Suluhu ilikuwa kugawana injini yenyewe: Wamarekani watengeneze kiini, yaani sehemu inayobana hewa na kuchoma mafuta, na Wafaransa watengeneze feni kubwa ya mbele na turbini ya nyuma. Kila mmoja alinde siri zake. Mgawo huo umeendelea mpaka injini ya kizazi cha sasa, LEAP, na wabia wameshakubaliana kuendelea pamoja hadi 2050.

Sasa kumbuka ugomvi wa Boeing na Airbus. Marekani na Ulaya zilishitakiana Shirika la Biashara Duniani mwaka 2004 kuhusu ruzuku, na kesi hiyo ilidumu miaka 17. Marekani iliruhusiwa kutoza ushuru bidhaa za Ulaya za dola bilioni 7.5, Ulaya nayo ikaruhusiwa za dola bilioni 4. Mvinyo wa Ufaransa na wiski ya Scotland vikatozwa kwa makosa ya ndege. Na muda wote huo, Boeing 737 na nyingi kati ya Airbus A320, ndege za kampuni hizo mbili zilizokuwa zikigombana, zilikuwa zinaruka kwa injini za CFM. Aliyeshinda alikuwa nani? Serikali zilisimamisha ugomvi Juni 2021, na makubaliano ya Julai 2025 yaliziacha ndege na vipuri vyake bila ushuru pande zote mbili. Ingewezekanaje vingine? Injini moja ingelazimika kulipa ushuru kila nusu yake inapovuka bahari. Mkiwa Dar es Salaam mkaona Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania ikipaa, injini zake ni hizo LEAP: nusu Marekani, nusu Ufaransa.

Nije kwenye nakisi yenyewe, maana ndiyo iliyowakwamisha wanafunzi. Ukichukua takwimu za 2023 za Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, Umoja wa Ulaya ulikuwa na ziada ya bidhaa ya euro bilioni 157 dhidi ya Marekani. Hapo ndipo hotuba za kisiasa huishia. Lakini kwenye huduma, yaani programu za kompyuta, matangazo ya mtandaoni, mrabaha wa hataza, ushauri wa fedha, Ulaya ilikuwa na nakisi ya euro bilioni 109. Ukitoa, ziada halisi inabaki euro bilioni 48, katika biashara ya jumla ya euro trilioni 1.6. Hiyo ni asilimia 3. Ukiongeza na faida ambazo kampuni za Marekani zinavuna kutoka matawi yao ya Ulaya, pengo linapungua tena. Siwezi kuiita hali hiyo kunyonywa.

Halafu kuna Ireland, ambayo inastahili somo zima. Nchi hii ndogo iliweka kodi ya mapato ya makampuni asilimia 12.5 mwaka 2003 (kwa makampuni makubwa ilipanda hadi 15 mwaka 2024), na kampuni za dawa na teknolojia za Marekani zilikuwa zimeshaanza kujikita huko zamani: Pfizer ipo Ringaskiddy, karibu na Cork, tangu mwaka 1969, na Apple ipo Cork tangu 1980. Mchezo unachezwa hivi. Kampuni ya dawa ya Marekani inahamishia hataza kwenye kampuni yake tanzu ya Ireland. Kiungo cha dawa kinatengenezwa hapo kwa gharama ndogo, kisha kampuni tanzu inaiuzia kampuni mama ya Marekani kwa bei kubwa sana. Faida inabaki Ireland, inatozwa kodi ndogo. Na kwa kuwa dawa imeingia Marekani kwa bei ile kubwa, forodha inaandika uagizaji mkubwa kutoka Ulaya. Nakisi imeongezeka! Aliyemuuzia Mmarekani dawa ni Mmarekani mwenzake, kupitia dirisha la Cork.

Ya kuchekesha ni kwamba sheria ya kodi ya mwaka 2017, aliyoisaini Trump mwenyewe, ilitoza faida za aina hii zilizopatikana nje kwa kiwango cha chini kuliko asilimia 21 inayotozwa nyumbani. Kwa hiyo sehemu ya nakisi anayoilalamikia ilipewa motisha na saini yake. Upande wa Ireland nao una vituko vyake: mwaka 2015 pato la taifa "lilikua" kwa karibu robo, kwa sababu tu kampuni chache zilihamisha mali zao za kitabuni, ikabidi ofisi yao ya takwimu ibuni kipimo kingine cha kuonyesha uchumi halisi wa wananchi. Na Tume ya Ulaya ilipoamua 2016 kwamba Apple iilipe Ireland kodi ya euro bilioni 13, serikali ya Ireland ilikwenda mahakamani kupinga kupewa fedha hizo. Ilishindwa Septemba 2024. Ni mara chache utaona nchi inashindwa kesi na kutajirika.

Sasa, kwa nini Ulaya haikulipiza? Silaha ilikuwa nazo. Orodha ya bidhaa za Marekani za euro bilioni 93 ilikuwa imeshapigiwa kura na nchi wanachama siku tatu kabla ya Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya, kukutana na Trump Turnberry, Scotland, tarehe 27 Julai 2025. Ilikuwepo pia sheria mpya, iliyoanza kazi Desemba 2023, inayoruhusu kubana hata huduma na uwekezaji wa nchi inayoishinikiza Ulaya. Haikuguswa.

Sababu ya kwanza ni ile ya Spartanburg: kila bidhaa uliyoiweka kwenye orodha ilikuwa na ndugu yake wa Ulaya amejificha nyuma yake. Machi 2025 Brussels ilipotaja wiski ya Marekani, Trump alijibu kwa kutishia asilimia 200 kwa mvinyo na pombe kali za Ulaya, na Paris, Roma na Dublin zikaanza kuishinikiza Brussels ilegeze. Ya pili ni gesi. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Ulaya ilijenga vituo vya kupokea gesi ya kimiminika mbiombio (kile cha kwanza cha Ujerumani, Wilhelmshaven, kilifunguliwa Desemba mwaka huohuo), na kufikia 2024 karibu nusu ya gesi ya aina hiyo iliyoingia Umoja wa Ulaya ilitoka Marekani. Ulaya ilitoka mkononi mwa muuzaji mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine. Ya tatu, ambayo viongozi walikuwa wakiisema kwa sauti ya chini, ni silaha za Ukraine na ulinzi wa NATO. Hakuna aliyetaka kujua Trump angefanya nini huko kama angeudhiwa kwenye ushuru.

Kwa hiyo mwenye ziada siye lazima mwenye nguvu. Mwenye ziada ana wateja wa kupoteza. Marekani ilikuwa na mambo matatu mkononi, soko, gesi na jeshi, na Ulaya ilikuwa na moja na nusu.

Sitaki ubaki na picha kwamba Ulaya ilijisalimisha kabisa. Tazama ilichoahidi: kununua nishati ya dola bilioni 750 katika miaka mitatu, na kuwekeza dola bilioni 600. Manunuzi ya nishati ya Ulaya kutoka Marekani mwaka 2024 hayakufika dola bilioni 100. Kupanda hadi 250 kwa mwaka kungehitaji meli na mitambo ambayo haipo. Na zile bilioni 600 ni fedha za kampuni binafsi. Tume ya Ulaya haina uwezo wa kuiamuru Siemens au Sanofi ijenge kiwanda Ohio. Iliahidi kitu ambacho si chake, na nadhani pande zote mbili mezani zilijua hivyo. Ushuru wa asilimia 15 ulikuwa wa kweli, ahadi zile zilikuwa za kwenye karatasi. Lakini gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni funzo ambalo Washington iliondoka nalo: kwamba ukiisukuma Ulaya, Ulaya hupiga hesabu kwanza, na hesabu ikishapigwa, hukubali.

Ushikamano huu una ubaya wake mwingine. Mwaka 2007 mikopo mibovu ya nyumba ya Marekani ilianza kuoza, na mmoja wa waliougua mapema alikuwa Paris: tarehe 9 Agosti BNP Paribas ilifunga mifuko yake mitatu ya uwekezaji kwa sababu haikuweza tena kujua thamani ya mali zake za Marekani. Siku hiyohiyo Benki Kuu ya Ulaya ikamwaga karibu euro bilioni 95 sokoni. Benki za Ulaya zilikuwa zimekopa dola kwa muda mfupi ili kununua hati za mikopo za Marekani za muda mrefu, na dola zilipokauka, Benki Kuu ya Marekani ikabidi iikopeshe ile ya Ulaya dola kwa kubadilishana sarafu, kuanzia Desemba 2007, na bila kikomo kuanzia Oktoba 2008. Mpango huo sasa ni wa kudumu. Nikiulizwa ni mshipa gani mmoja ukikatwa Ulaya itaanguka ndani ya wiki, sitataja magari wala dawa. Nitataja huo.

Kuhusu China, usiwaambie wanafunzi kwamba si kitu. Ilikuwa mshirika mkubwa wa kwanza wa biashara wa Ujerumani kwa miaka minane mfululizo mpaka Marekani ilipoipita 2024, na katika betri na madini adimu Ulaya inaitegemea kwa namna inayotisha. Tofauti iko kwenye umiliki. Kampuni ya Kichina inayotaka kununua kiwanda cha teknolojia Ulaya leo hukutana na kamati za usalama. Ya Kimarekani hukutana nazo pia mara mojamoja, lakini kwa kawaida huanza na chakula cha mchana.

Sisi inatugusa wapi? Chini ya watu wanavyodhani kwenye uwekezaji, kwa ile asilimia isiyofika moja niliyoitaja. Zaidi kwenye bei ya dola na euro, na kwenye masharti ya kuingia sokoni. Kenya ilikuwa makini mapema hapo: mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulianza kazi 1 Julai 2024, na maua yake yakapata mlango ulio wazi wakati wengine wanabishana.

Kwa darasa lako napendekeza zoezi moja kuliko hotuba. Wape gari la X5 lililotengenezwa Spartanburg kwa injini iliyotoka Ulaya, likauzwa Hamburg. Waandike safu nne ubaoni: mauzo ya nje ni ya nani, mishahara ni ya nani, faida ni ya nani, ushuru analipa nani. Kisha warudie na kidonge cha Cork kinachomezwa Boston. Wakigundua kwamba majina ya nchi hayafanani kutoka safu hadi safu, waulize swali la mtihani ulilonitumia, uone watakavyolijibu.